Mgeni Aliyeshika Tanuri

Tangu Zangi ajifiche nyumbani kwa Bakhtawara, unga ulikuwa ukipungua kana kwamba ghalani kumeingia ng'ombe. Asubuhi hiyo ya Ijumaa alikuwa amechutama kando ya tanuri, anavunja mkate wa mahindi ungali ukifuka, anauchovya kwenye maziwa ya mgando, na kulalamika.

"Mama, leo umesahau chumvi."

"Sikusahau. Nimekunyima."

"Mgeni hanyimwi chumvi."

"Wala hakosoi mapishi. Kula, unyamaze."

Bakhtawara hakumpenda mtu huyu hata chembe. Zangi alikuwa mwizi wa bunduki. Alijipaka mafuta ya kondoo mwili mzima, akaingia kambi za Waingereza akiteleza kama kambare, akatoka na bunduki ambazo wenyewe walikuwa wamezilalia. Kwa vijana wa milimani alikuwa shujaa. Kwa Bakhtawara alikuwa tumbo lenye ndevu. Lakini siku alipokimbizwa na askari aliingia uani kwake mbio, akashika ukingo wa tanuri kwa mikono yote miwili, akasema, "Nimeingia kwako." Na katika bonde la Zarkamar, mtu akishashika tanuri la nyumba na kulitamka neno hilo, yamekwisha. Awe mwizi, awe muuaji, mwenye nyumba atamlinda hadi atakapotaka mwenyewe kuondoka. Na siku akiondoka, mwanamume wa nyumba hiyo atamsindikiza hadi mwisho wa ardhi ya ukoo. Atakayemgusa njiani ameugusa ukoo mzima.

Tabu ni kwamba mwanamume wa nyumba ile alikuwa mmoja tu, Nekmal, mtoto pekee aliyembakia Bakhtawara. Na Nekmal alikuwa kifungoni. Alishuka soko la Tangai na gunia la jozi, serikali ikamkamata yeye na vijana wengine wa Zarkamar, ikawatia ngomeni, miguu kwenye minyororo. Hakuna aliyesema wameiba. Serikali nayo ilikuwa na desturi zake: mmoja akikosa, hukamatwa jamaa yake yeyote aliye karibu na mkono. Zangi atolewe, nao watatolewa.

Kabla Zangi hajamaliza mkate, mlango uligongwa.

"Shemeji, upo?"

"Nipo, Turab. Ulidhani nimehama na mnara?"

Turab alikuwa binamu ya marehemu mumewe na ndiye aliyesimama kati ya ukoo na serikali. Serikali ilimlipa posho ili awaambie watu yale inayoyataka, naye aliipokea posho na kuwaambia watu yale wanayoyataka wao, kisha akala pande zote. Aliingia akashika kiuno, jicho lake likapita juu ya Zangi kama juu ya mavi ya mbuzi, likaenda kutua kwenye mfereji wa maji uliopita nyuma ya nyumba. Jicho hilo lilikuwa limeutamani mfereji ule kwa miaka.

"Bwana Shauri anapanda leo," alisema. "Atakaa na wazee hapo uwanjani, chini ya mnara wako. Jua likigusa mlima wa magharibi na Zangi hajatoka, Nekmal anapelekwa jela ya tambarare. Halafu mizinga inakuja kuuangusha mnara huu."

Bakhtawara aliendelea kubandika unga ukutani mwa tanuri. Alijua habari za jela ya tambarare. Watu wa milimani walikufa huko kwa joto kabla hata ya kesi.

"Na nikimtoa huyu?"

"Mwanao anarudi leo leo."

"Anarudi kwa nani? Kwa mama aliyeuza mgeni? Nani atampa mke? Nani atakaa naye barazani? Atanitemea mate, na nitakuwa nimestahili."

"Heri kijana mwenye aibu kuliko kijana maiti, shemeji."

"Wewe lazima useme hivyo. Aibu umekaa nayo miaka na bado unanawiri."

Zangi alicheka, mkate ukampalia. Turab aliondoka bila kunywa chai, na kwa wazee wa kule hilo ni jambo zito kuliko matusi.

Bwana Shauri alifika jua limepanda vizuri. Alikuwa Mwingereza aliyeisimamia milima ile kwa niaba ya serikali, jina lake Meja Ridout, mtu mrefu mkavu, masharubu yake rangi ya ndevu za mahindi. Alikuja na askari wa kabila wachache tu, wenyeji waliokodiwa na serikali, maana alitaka kuonyesha kwamba haogopi. Bakhtawara alimtazama kutoka tundu la bunduki katika mnara wa ulinzi wa nyumba yake. Bwana Shauri aliketi chini pamoja na wazee, akajaribu kukunja miguu kama wao, buti zikamkatalia, akabaki amenyoosha mguu mmoja kama mbuzi aliyevunjika.

"Enyi wazee watukufu wa Zarkamar," alianza. Lugha yao aliijua, ila aliijua ya vitabuni, kila neno limevaa koti. "Serikali tukufu haina uadui nanyi. Serikali inamtaka mtu mmoja."

Kijana Ghazan alikuwa amesimama nyuma ya wazee, bunduki begani. Mdogo wake naye alikuwa ngomeni na Nekmal.

"Inamtaka mmoja, mbona imekamata wengi?" aliuliza kwa sauti.

"Ni sheria."

"Ya nani?"

"Sheria ni sheria, kijana."

"Basi na sisi tunayo," Ghazan alisema, na wazee wakamgeukia kumnyamazisha, na Turab akainuka kusema neno tamu la kupatanisha, na hapo ndipo bunduki ilipolia kutoka majabalini.

Nani aliyepiga? Mpaka leo kila mtu kule ana jina lake la kutaja. Farasi wa Bwana Shauri alianguka kama ukuta. Risasi nyingine ikafuata, na nyingine. Wazee walitawanyika vilemba vikifunguka nyuma yao kama mikia. Askari wa kabila waliruka vitalu na kupotea bondeni. Katika kufumba na kufumbua uwanja ukawa na mtu mmoja tu, Bwana Shauri mwenyewe, bastola mkononi, kofia imedondoka, na mlango uliokuwa karibu naye ulikuwa mmoja.

Bakhtawara aliteremka ngazi ya mnara kwa haraka ambayo magoti yake yalikuwa yameisahau. Alipofika nyuma ya mlango mtu alikuwa anagonga kwa ngumi.

"Fungua! Kwa jina la serikali!"

Aliweka mkono kwenye komeo, akauacha hapo. Nje alikuwapo mtu aliyemtia mwanawe minyororo. Asingefungua, hangekuwa yeye aliyemuua. Vijana wangemaliza kazi. Lakini akifa hapo mlangoni, kesho jeshi zima litapanda, na Nekmal hatafika hata hiyo jela. Atanyongwa ngomeni.

"Serikali haimo humu," alijibu kupitia ufa. "Yupo nani mwingine?"

Risasi ilichimba udongo wa ukuta, vumbi likamwingia jichoni.

"Ridout," mtu wa nje alisema, sauti imepungua. "Ni mimi, Ridout."

"Huyo namwona." Akavuta komeo.

Alimwingiza kwa kumshika mkono wa koti, akafunga, akamsukuma moja kwa moja kwenye tanuri.

"Shika."

"Nini?"

"Shika tanuri! Sema umeingia."

Bwana Shauri alielewa. Si mara moja watu wa milimani walikuwa wamekuja kwake wameinamisha shingo, wakishika meza yake kwa kuwa hakuwa na tanuri. Alivuta pumzi, akajinyoosha.

"Mama mheshimiwa, mimi ni mjumbe wa Mfalme. Haiwezekani niombe hifadhi kwa—"

"Haya, toka. Mlango ni ule ule."

Nje miguu ilikuwa inakuja mbio. Kitako cha bunduki kiligonga mlango, komeo likaruka kidogo kwenye kitundu chake. Bwana Shauri aliutazama mlango, akamtazama yule bibi kizee aliyefika kifuani kwake, kisha akaweka viganja vyote viwili kwenye ukingo wa tanuri. Lilikuwa lina moto wa mikate ya asubuhi. Uso ulimgeuka rangi.

"Nimeingia kwako."

"Wa nje hawakusikia."

"Nimeingia kwako!" alipiga kelele, na kelele hiyo haikuwa ya vitabuni hata kidogo.

Nje kugonga kukakoma.

"Upande huo ndio unaounguza," sauti ilisema kutoka pembeni. "Mimi nilishika huku."

Bwana Shauri aligeuka. Zangi alikuwa bado amechutama, bakuli magotini.

"Huyu ni nani?"

"Mgeni mwenzako," Bakhtawara alisema.

"Zangi! Kwa amri ya serikali—" Mkono ulikuwa umeshaiinua bastola. Bakhtawara aliugonga kwa kile chuma cha kuchomolea mikate, si kwa nguvu sana, lakini hakikuwa kimepoa.

"Nisikilize vizuri, Bwana Shauri. Nje kuna watu wanakutaka wewe. Wewe humu ndani unamtaka huyu. Nikianza leo kugawa wageni, nitaanza na yule aliye karibu na mlango."

Bwana Shauri alitazama alipokuwa amesimama. Kati yake na mlango hapakuwa na nafasi hata ya kuku kupita. Zangi alikuwa mbali, raha mustarehe, ukutani. Taratibu mkono ukashuka.

"Weka hiyo kwenye rafu, karibu na unga," Bakhtawara alimwambia. "Uhesabike ni mtu wa nyumbani."

Kisha alipanda darini kuzungumza na watu.

Walikuwa wengi kuliko alivyodhani, na waliendelea kuja. Ghazan alikuwa mbele, kidole kwenye kifyatulio. Turab alisimama pembeni kabisa, mahali ambapo angeweza kuonekana yuko na kila upande.

"Shangazi," Ghazan alisema, "tupe huyo mtu."

"Ameshika tanuri langu. Umemsikia kwa masikio yako."

"Ana mdogo wangu!"

"Na mwanangu je, amemwazima kwangu? Ukimuua humu ndani utakuwa umeniua mimi kwanza, na wajomba zake Nekmal watakudai damu yangu mpaka wajukuu zako. Na mdogo wako utamlilia ukiwa mafichoni."

Ghazan alitema mate. Lakini alirudi hatua nyuma, na wote wakaona.

"Sawa. Ndani ni kwako. Hatuvunji mlango. Lakini akitia mguu nje bila msindikizaji, ni wetu. Na msindikizaji wake ni nani, shangazi? Wewe?"

Watu wengine walicheka. Wakati huo Turab akasafisha koo.

"Shemeji, labda tungefanya busara. Mwambie Bwana Shauri kwamba mimi nipo, nafanya kila njia—"

Bakhtawara akaona hatari. Maana Turab alikuwa damu ya mumewe. Turab angeweza. Kama angesogea mlangoni tu na kusema "namsindikiza mimi," Ghazan angelazimika kumpisha, Bwana Shauri angeondoka, Turab angezawadiwa, na Nekmal angeozea jela. Wale wote uwanjani hawakuwa wamelifikiria hilo bado. Lakini wangelifikiria. Aliona heri alitoe mwenyewe mapema, Turab akiwa bado na hofu ya risasi.

"Turab!" aliita kwa nguvu, ili asikike nje na ndani. "Kumbe upo! Wewe si damu ya marehemu? Njoo basi. Njoo umshike mkono Bwana Shauri umpitishe hapa mbele ya Ghazan. Mgeni wa nyumba hii ni mgeni wako."

Macho yote yakamgeukia Turab. Ghazan naye akageuka, na mtutu wa bunduki ukageuka naye, bila kukusudia au kwa kukusudia.

Turab aliutazama mtutu. Alitazama njia ndefu ya mawe inayoshuka kijitoni, mwisho wa ardhi ya ukoo, na majabali pande zote mbili.

"Ningekuja," alisema. "Wallahi ningekuja. Ni hili goti."

"Pole. Tangu lini?"

"Tangu... tangu baridi ya mwaka huu."

Kicheko kilizuka uwanjani. Hata Ghazan alicheka. Bakhtawara hakucheka; alijifunga shela, akaanza kushuka.

Aliposhuka, Bwana Shauri alikuwa amekaa juu ya gunia, viganja amevitia kwenye bakuli la maziwa ya mgando. Zangi ndiye aliyempa, na alikuwa akiliangalia bakuli hilo kwa uchungu.

"Nimesikia," Bwana Shauri alisema. "Yule mtu tunamlipa."

"Mnamlipa kwa mwezi. Hamjalipia goti."

"Nimesoma kwamba shela la mwanamke likitupwa kati ya watu wanaopigana—"

"Linasimamisha ugomvi hapa mlangoni. Halina miguu ya kukufikisha kijitoni."

"Na huyu?" akamwonyesha Zangi kwa kidevu.

"Mgeni hasindikizi mgeni."

"Na hata ningekuwa mwenyeji," Zangi alisema, "ningefikiria kwanza."

Bwana Shauri alivitoa viganja maziwani. "Sasa mwanamume wa nyumba hii ni nani?"

Bakhtawara alimimina chai ya majani mabichi, akatia iliki, akamwekea mbele yake polepole, kama mtu anayetaka neno lishuke sawasawa.

"Nekmal."

"Nekmal yupi?"

"Yule wa jozi. Umemfunga wewe."

Bwana Shauri alikitazama kikombe. Alikuwa mtu wa vitabu lakini hakuwa mjinga.

"Kapteni wangu akisikia habari atakuja na kikosi," alisema mwishowe.

"Aje. Wale wakikiona kikosi watapanda ukuta huu kabla hakijavuka kijito. Mimi nitafia mlangoni, ndiyo heshima yangu. Wewe utafia nyuma ya mgongo wa kizee. Heshima yako itakuwa ipi, hilo utajua mwenyewe."

"Unaniwekea masharti."

"Nakuwekea chai. Na kama utamtuma mtu, mwambie awalete wote, na mdogo wake Ghazan. Wenye ndugu zao hawatakuwa na la kupigia risasi."

Bwana Shauri alikunywa ile chai mpaka mwisho. Halafu akaomba kioo.

Kilichokuwapo kilikuwa kioo cha harusi cha Bakhtawara, kimepasuka pembeni. Walipanda wote mnarani. Chini kabisa, kwenye mdomo wa korongo, ngome ya Tangai ilionekana kama kipande cha sabuni, na juu yake mlima mdogo wenye kibanda cha askari wa zamu. Bwana Shauri alikinga jua kwa kioo, akalirusha kwa mapigo, marefu na mafupi, viganja vyekundu vikimuuma. Alirudia. Akarudia tena. Mwishowe kule mbali kitu kikamemeta.

Bakhtawara alikaa sakafuni mwa mnara, mgongo ukutani. Hii ndiyo iliyokuwa sehemu mbaya. Mwanga ule ulikuwa unasema, na yeye hakujua unasema nini. Anaomba Nekmal? Anaomba mizinga? Mtu huyu alikuwa juu ya nyumba yake, kwa kioo chake, na angeweza kumuua mwanawe kwa kuchezesha kiganja.

"Zangi," alinong'ona. "Wewe umelala kwenye makambi yao. Unazisoma hizo?"

"Kama unavyosoma nyota, mama. Naona zinang'aa."

"Umesema nini?" alimuuliza Bwana Shauri wazi.

"Nimesema unavyotaka."

"Na mimi nitajuaje?"

Alimgeukia, na kwa mara ya kwanza alisema kama mtu anayeongea, si kama kitabu. "Hutajua, mama. Kama mimi nisivyojua utakavyofanya wale wakipanda ukuta."

Wakangoja. Jua likashuka. Uwanjani watu walikaa kwenye kivuli cha mnara, bunduki magotini, hakuna aliyeenda kula. Ghazan hakukaa. Turab alikuwa amepata fimbo mahali fulani na sasa alichechemea kwa bidii.

Kisha vumbi lilionekana korongoni.

Kwanza hapakuwa na kitu ila vumbi. Halafu kofia. Kofia nyingi. Na nyuma ya kofia nyumbu, na juu ya nyumbu, vipande vya chuma vinene vinavyojulikana na kila mtoto wa milima ile.

"Mizinga!" mtu alipiga kelele uwanjani. "Ameita mizinga!"

Bakhtawara alisikia makomeo ya bunduki yakivutwa, kama meno yakisagana. Alimtazama Bwana Shauri. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Sikuomba hiyo," alisema. "Ni huyo Kapteni. Kijana mwenye pupa." Alikinyanyua kioo, lakini jua lilikuwa limegusa mlima na mnara umeingia kivulini, kioo kikawa kipande cha kijivu. "Sikuomba hiyo, mama."

Ama alisema kweli ama alikuwa mwongo hodari, na hapakuwa na muda wa kuchagua.

"Basi wasimamishe."

Hakukuwa na njia ila moja. Bwana Shauri aliparamia ukingo wa mnara, akasimama wima pale juu, peke yake angani, akalivua koti na kuanza kulipunga kwa mikono miwili, akisema kwa Kiingereza maneno ambayo hakuna aliyeyajua. Ghazan aliinua bunduki. Kwa mlengaji kama yeye pale hapakuwa na haja hata ya kulenga.

Bakhtawara alipanda naye. Jinsi alivyopanda hata mwenyewe hakuelewa. Zangi alisema baadaye kwamba ni yeye aliyemsukuma makalioni, na kwamba alitandikwa kofi kwa huduma hiyo. Bakhtawara alisimama mbele ya Bwana Shauri, akitanua shela, ambalo halikumkinga mtu huyo hata kifuani.

"Ghazan! Piga! Anza na mimi, mimi ni mfupi, nitakusumbua kidogo!"

"Ondoka, shangazi!"

"Niondoke niende wapi? Nyumbani ni hapa!"

Mtutu uliyumba. Kule chini, kikosi kilikuwa kimefika mawe meupe kando ya kijito, mwisho wa ardhi ya Zarkamar. Koti lilipepea. Mtu mmoja juu ya farasi alinyanyua mkono. Kikosi kikasimama.

Kilisimama muda mrefu. Bwana Shauri aliendelea kupunga ingawa hapakuwa na haja tena. Kisha watu wachache walitoka kati ya wale askari, kwa miguu, bila silaha, wakavuka mawe. Walitembea ovyo, kama watu waliosahau kutembea. Mmoja wao alikuwa na bega la kushoto lililoinama kidogo, na Bakhtawara hakuhitaji kuona uso.

Ghazan alishusha bunduki akakimbia kumpokea mdogo wake. Na wengine wakakimbia. Lakini si wote. Kwenye majabali bado palikuwa na watu ambao ndugu zao hawakuwa wamekamatwa na ambao walikuwa na sababu zao za zamani.

Nekmal aliingia uani, akamkuta Mwingereza amesimama kando ya tanuri, na mkono wake ukatafuta kisu ambacho hakuwa nacho.

"Huyu anafanya nini humu?"

"Ameshika tanuri," mama yake alimwambia.

Nekmal alimtazama mama, akamtazama yule mtu, akatazama vile viganja. Alikuwa na alama za minyororo vifundoni, mbichi. Bakhtawara aliziona akaziacha, maana akianza kuzitazama hangeweza kumaliza.

"Haya," Nekmal alisema. Alitoa pumzi puani kama farasi. "Tembea nyuma yangu, Bwana Shauri. Usikimbie. Mtu akikutukana, usijibu."

Waliteremka njia ile ya mawe, yeye mbele, yule mrefu nyuma yake, na bastola imerudi kiunoni lakini imefungwa. Hapakulia risasi. Mtu mmoja alirusha jiwe likapita pembeni, na Nekmal hakugeuza shingo. Turab, goti limepona, aliwafuata kwa mbali akitupa salamu.

Bakhtawara alibaki mlangoni. Alikuwa amejitahidi mchana kutwa asilifikirie jambo moja, na sasa halikumwacha. Kule kwenye mawe meupe usindikizaji unaisha. Ng'ambo ya mawe Nekmal si mwenyeji wa mtu tena, ni mfungwa aliyetembea mwenyewe kurudi kwa askari waliomfunga. Bwana Shauri akitaka kumshika, hakuna desturi iliyomkataza. Desturi za Zarkamar zilikuwa zimemaliza kazi, na za Bwana Shauri ndizo zingeanza.

Alimwona Nekmal anasimama kwenye mawe. Yule mrefu akavuka. Kapteni alishuka kwenye farasi, akamsogelea, akamwonyesha Nekmal kwa kidole, akasema maneno mengi. Askari wawili walitoka kwenye mstari. Bwana Shauri akatikisa kichwa. Kapteni akasema tena. Bwana Shauri alimgeukia Nekmal, akamwambia jambo, fupi. Wale askari wakarudi mstarini.

Nekmal akageuka, akaanza kupanda.

Bakhtawara hakwenda kumpokea. Watu walikuwa wanatazama. Aliingia ndani akapuliza makaa, akapuliza mpaka yakamtoa machozi, na hilo lilikuwa jambo la manufaa. Nekmal alipoingia aliketi chini papo hapo, akaegemea ukuta, akafumba macho. Mama yake alimshika kichwa kwa mikono yote miwili, akakitikisa kidogo kama mtu anayechagua tikiti.

"Amekuambia nini kule?"

"Amesema maziwa yako ni mazuri." Hakufumbua macho. "Na amesema kesho, jua likichomoza, atakuja na kikosi kupekua nyumba hii. Akimkuta mtu wake, mnara unaanguka. Asipomkuta, aliyepekua hana neno."

Zangi alikuwa ameacha kutafuna. Kwa mara ya kwanza tangu afike bakuli lilikuwa mbele yake na mkono hauendi.

"Basi mimi naomba ruhusa, mama," alisema chini chini. "Niondoke leo. Kwa njia ya juu, ya theluji. Kule kwenye kilele, ardhi yenu inapoisha, nitapita mwenyewe." Alisita. "Ila hapa mpaka kwenye kilele, hao majabalini leo wameniona mnarani na Mwingereza, na yeye wamemkosa..."

Hakumaliza. Hakuhitaji. Ameomba kuondoka, na mgeni akiomba kuondoka anasindikizwa. Nekmal alifumbua macho, akayatazama magoti yake mwenyewe, kisha mlima kupitia mlango, weupe wake ukianza kuwa wa buluu.

"Mama. Ndiyo kwanza nimeketi."

Bakhtawara alitazama vile vifundo. Angeweza kusema neno. Zangi angeelewa, pengine hata angeondoka peke yake bila lawama. Badala yake alichukua donge la unga, akalipiga kiganja hadi kiganja.

"Najua," alisema. "Kula kwanza. Viatu vya baba yako viko nyuma ya mlango, vile vya manyoya." Akabandika mkate tanurini, akamgeukia mwizi wa bunduki. "Na wewe tumbo, leo utakula wa pili. Mwanangu akirudi na hata kidole kimoja kimeganda kwa baridi, nitakufuata huko huko kwa jua au kwa theluji, na hutapata tanuri la kushika."